Saa Moja Haifiki

Ndege imechelewa tena, na abiria aliyekaa kando yangu amebeba samaki. Harufu yake inanirudisha kwenye uwanja huu huu wa Kisumu, nikiwa mtoto aliyevaa gauni la kanisani, na sufuria ya moto mapajani.

Kosa lilikuwa la Baba. Alipata kazi Nairobi, tajiri wake akamlipia ndege, naye akamringia mamake, "Mama, ni saa moja haifiki! Nairobi ni hapo tu."

Basi Dani, bibi yetu, akapika samaki aina ya ngege, wa mchuzi. "Kama ni hapo tu, atafika bado moto."

Hakuna aliyefikiria barabara kutoka kijijini kwetu Katito, wala maombi. Ukoo mzima ulimsindikiza, na kila mmoja alitaka kumwombea rubani. Mchuzi ulinimwagikia mpaka kwenye soksi. Baba alitazama saa, akafoka, "Mama, ndege haingoji amina!"

Mlangoni askari akaikataa sufuria. Baba akaingia mikono mitupu, akitupigia kelele kwamba Ijumaa atarudi kula. Tukamla samaki pale pale kwenye nyasi, ndege ikitupita juu, mimi nimenuna kwa ajili ya soksi.

Ijumaa Dani alipika samaki tena. Na Ijumaa iliyofuata. Ya tatu nikachoka, nikamwambia aache.

"Niache?" akanikaripia. "Ni saa moja haifiki. Akitokea sasa hivi, utampa nini?"