Ngoma ya Tonton Deo Ilipoacha Rumba

Kwetu sisi tuliokulia Bukavu kabla simu hazijaingia mifukoni, neno orkesta lilikuwa na maana moja tu. Lilikuwa magitaa, ngoma za tumba, mwimbaji aliyepaka nywele mafuta, na watu wazima wakicheza polepole uani, chini ya turubai. Hatukujua kama iko orkesta nyingine, ile ambayo watu wanakaa vitini na kusikiliza bila kutikisa hata bega. Hiyo tulikuja kuijua kwa Mwalimu Faustin.

Tuliishi Kasha, kule Bagira, katika nyumba ya mabati kando ya njia inayopanda. Asubuhi tulishuka kwenda shule na mashati meupe, viatu mkononi kama mvua ilinyesha, maana udongo wa kule ukishika kiatu hauachii. Mchana tulirudi tukakuta fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani, au fufu na mboga ya lengalenga. Siku ambayo hakukuwa na kimoja wala kingine, tulikula fufu na maneno ya maman. Saa zilizobaki zilikuwa zetu. Wavulana walifukuzana na mpira wa majani ya migomba, wasichana waliruka kamba, na mimi nilipiga bidon, dumu tupu la maji. Nilipiga bidon, meza, mlango, sufuria iliyogeuzwa. Watoto wa leo umeme ukikatika kidogo wanakuambia wamechoka na maisha. Sisi umeme ukikatika ndipo tulisikia vizuri kile tulichokuwa tunapiga.

Maman hakupenda. "Mutoto mwanamuke na ngoma, wapi na wapi?" alikuwa akisema. "Utaolewa na bidon?"

Mdogo wake papa, Tonton Deo, alilala chumba cha nyuma. Alikuwa seremala, lakini mwisho wa juma alikuwa mpiga ngoma wa orkesta ya rumba, na kwa ajili hiyo alikuwa na ngoma zake mwenyewe: ile kubwa ya miguuni, mbili za juu, masahani ya shaba, na ile ndogo ya katikati yenye nyaya chini yake, ambayo yeye aliiita caisse claire. Kisha orkesta ile ilitawanyika. Mwimbaji alikwenda Kinshasa akanyamaza. Mpiga gitaa, Papa Jules, alihamia Minova kufanya biashara ya mihogo. Tonton alifunika ngoma zake kwa shuka akaziweka kando ya kitanda. Kila Jumapili baada ya misa alizifunua, akazifuta vumbi, akazifunika tena. Hakusema kwamba anangoja kitu, lakini nyumbani wote tulijua anangoja.

Mwalimu Faustin alifundisha muziki shuleni kwetu. Alijifunza violoni seminarini, akaacha upadre, violoni akabaki nayo. Alikusanya watoto wa shule na wa parokia: violoni chache, filimbi, selo moja yenye ufa, trombone mbili za bendi ya parokia. Siku moja alinikuta darasani ninapiga dawati kwa rula mbili. Nilijua nitapigwa. Aliniambia niendelee, akasimama mlangoni mpaka nimalize, kisha akaniuliza kama kwetu iko ngoma ya kweli.

Tonton alikubali kuniazima caisse claire. Nadhani alikubali haraka kwa sababu alifikiri ni kwa rumba.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilikuja nayo mgongoni, nimeifunga na kitenge kama mtoto. Tulianza kupiga. Kila trombone zilipotoa sauti nzito, ngoma yangu ilijibu yenyewe, nzzzz, bila mimi kuigusa. Mwalimu alisimamisha watu wote.

"Nani anakaanga sambaza humu ndani?" aliuliza.

Watoto walicheka. Mimi sikucheka. Na nilipopiga kweli, ilikuwa mbaya zaidi: ngoma ilisema to, to, fupi na nzito, kama mtu anayegonga kabati. Ile ilikuwa sauti nzuri ya rumba. Mwalimu alikuwa na kipande cha muziki ambacho ngoma ilipaswa kuanza chini kabisa, peke yake, kama kitu kinachotoka mbali, na kuinuka mpaka wengine wote waingie. Kwa sauti ile ya kabati haikuwezekana. Alikuja nyumbani Jumamosi kuongea na Tonton.

"Papa Deo, ngoma yako iko muzuri," alisema, "lakini imezoea bar. Tuifundishe kukaa ku konseri."

Tonton aliingia chumba cha nyuma, akaleta bisibisi.

Ndivyo tulivyoanza, na kazi ile ilikula mwezi mzima wa mchana baada ya shule. Kwanza Tonton alibandua plasta na kitambaa alichokuwa amebandika juu ya ngozi ili isilie sana. Aliibandua polepole, maana aliibandika yeye. Kisha akatoa ile ngozi nene, na Mwalimu akaleta nyingine nyembamba, nyeupe, yenye uso wa kukwaruza, iliyobaki kwenye stoo ya bendi ya parokia. Tuliikaza skrubu moja, kisha ile inayoitazama ng'ambo, tukizunguka hivyo, Tonton ameinamisha sikio kando ya kila skrubu, mpaka pande zote zilitoa sauti moja. Mkono wa chuma unaoshusha nyaya ulikuwa unapiga kelele, tak, kila tulipougusa. Tonton alikata kipande cha kofia yake ya zamani akakipachika ndani yake, ukanyamaza.

Tatizo kubwa lilikuwa nyaya zenyewe. Zilikuwa za chuma, zilizojikunja kama springi, na ndizo zilizokaanga sambaza. Mwalimu alisema ku konseri za zamani walitumia utumbo wa mnyama, umekaushwa na kusokotwa. Kwa bahati kulikuwa na ubatizo wa mdogo wangu, na mbuzi alikuwa amekwisha kufungwa nyuma ya nyumba.

Maman alisikia, akaweka kisu chini. "Munatoa chakula ku meza munapeleka ku ngoma?" aliuliza. "Hata Wazungu hawafanyi vile."

"Ni Wazungu ndio walianza, maman," papa alisema, na akaendelea kusoma gazeti lake.

Maman alitugawia nusu ya utumbo. Tuliosha, tukakwangua kwa upande butu wa kisu, tukaloweka katika maji ya majivu, tukasokota, tukaufunga kwenye misumari juani. Mbwa wa jirani alikula fungu la kwanza lote. La pili nilililinda mwenyewe, nimekaa juu ya jiwe na fimbo, na wenzangu walipita wakiniuliza ninachunga nini. Nilisema ninachunga muziki. Walinicheka mpaka mwisho wa mwaka.

Tulipoufunga utumbo chini ya ngoma, Tonton aliniambia nipige pole. Sauti ilitoka kavu na safi, kila pigo limejitenga na jingine, na nilipopunguza nguvu haikupotea. Mwalimu alipuliza trombone mlangoni kwa makusudi. Ngoma haikujibu. Tonton alitikisa kichwa kidogo kukubali, akaenda kunawa mikono.

Juma la konseri Papa Jules alifika kutoka Minova. Alikuwa amevaa suti, na uso wake ulikuwa na habari kabla hajakaa. Tajiri mmoja wa kule alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi. Orkesta ilikuwa inajikusanya tena, na kama harusi ikienda vizuri, kulikuwa na nyingine nyuma yake. Alimtaka Tonton na ngoma zake zote.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu ya konseri.

Tonton alileta caisse claire, akaiweka kati yao, akaipiga. Papa Jules alikunja uso. "Hii ni nini? Haiko tena ya kucheza."

"Tuliigeuza."

"Basi igeuze tena. Ni kazi ya mchana moja."

Ilikuwa kweli. Plasta ilikuwako, nyaya za chuma zilikuwa ndani ya kopo. Lakini utumbo ulikuwa umekwisha kukauka na kushika umbo. Ukifunguliwa ungekatika, na hakukuwa na mbuzi mwingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya karanga za mgeni. Tonton alinitazama.

"Watu ya harusi watacheza hata na bidon," Tonton alisema mwishowe. "Ile mambo ya Mwalimu haiwezi na bidon. Mi nitakuja na zile ingine. Hii inabaki."

Papa Jules alimwita mpumbavu, kwa upole, kama rafiki. Ijumaa walipakia ngoma zilizobaki juu ya lori la Minova. Tonton alichukua bidon yangu pia. Kabla hajapanda aliniambia kitu kimoja: "Mvua ikinyesha, utumbo utalegea. Kaza kidogo, usiogope."

Mvua ilinyesha. Katika ukumbi wa parokia watu walikaa na makoti yaliyolowa, na ngoma yangu iliwekwa juu ya kreti ya bia iliyofunikwa kwa kitambaa cha altare ili Padri asione ni ya nini. Nilikaza kidogo. Nilianza chini kabisa, peke yangu, na kwa muda nilisikia mvua nje na ngoma ndani na sikuweza kuzitenganisha. Kisha filimbi ziliingia, violoni, na wengine wote. Maman alikuwa mstari wa pili. Hakupiga makofi, alikuwa amemshika mtoto aliyelala. Tukirudi nyumbani alinibebea ngoma mpaka mlangoni.

Tonton alirudi Jumanne. Alisema harusi ilikwenda, watu walicheza. Akaniomba nimpigie ile sehemu ya mwanzo. Nilipiga pale barazani, yeye akisikiliza ameegemea ukuta, macho ameyafumba.

"Niliipigaka miaka yote," alisema. "Sikujuaka kama iko na hii sauti ndani."

Papa Jules alipata mpiga ngoma mwingine mwenye vyombo kamili. Tonton hakuitwa tena. Aliendelea kuranda mbao, hakulaumu mtu, na shuka ile hakuifunua tena Jumapili. Miaka ya vita ngoma zote zilipotea, kama vitu vingi vilivyopotea, na yeye mwenyewe alifariki mzee, kitandani pake.

Leo kijana wangu anafanya muziki ndani ya kompyuta. Akitaka ngoma ya rumba anabonyeza, akitaka ya konseri anabonyeza tena, na kati ya hizo mbili hajainuka hata kitini. Ninamwambia inapendeza, na inapendeza kweli. Mjini kuna orkesta ya vijana sasa, wanasoma noti vizuri kuliko sisi tulivyowahi kusoma. Juzi nilikwenda kuwasikiliza. Msichana mmoja alipiga ngoma ndogo, safi, bila kosa. Baadaye nilimuuliza ilikuwa ya nani.

"Ya orkesta, maman. Ilifika mu karatoni, iko tayari."

Nilimpongeza. Ilikuwa nzuri kuliko yetu. Ila yetu ilikuwa na mwenyewe, na siku ile ya konseri mwenyewe alikuwa Minova, anapiga bidon ili watu wacheze.