Mlango Uliolazwa

Miaka yote alikuwa mwashi, mtu wa kusimamisha kuta za wenzake. Mgongo ulipomkatalia, akaamua kusimamisha bustani. Ndipo watu walipomwita Kingo, kwa kingo za matuta yake, na jina likamkaa mpaka mkewe naye akawa analitumia kila alipotaka kumtania.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kingo aliokota vilivyotupwa: vigae vilivyopasuka, matofali nusunusu, mbao za makreti, chupa tupu. Kutokana na hivyo alijenga matuta ya juu, yanayomfikia mtu kiunoni, ili apalilie mboga zake bila kuinama. Chini alijaza kifusi maji yapite, juu yake vijiti na majani makavu, kisha udongo uliochanganywa na samadi. Pembeni alizika chupa vichwa chini, zikajipanga kama meno ya mtu anayecheka.

"Mimi nimeuinamia udongo ujana wangu wote," alikuwa akisema. "Sasa na wenyewe uinuke kidogo, tukutane katikati."

Ila mwokotaji hakosi maneno. Mwanzoni kabisa aliwahi kubeba beseni bovu, kumbe lilianikwa, na mwenye beseni akamfuata akipiga kelele mtaa mzima. Tangu siku hiyo Kingo akaweka sheria, akapita nayo nyumba kwa nyumba. Kitu kilichoegeshwa ukutani kimesimama kina mwenyewe, asikiguse mtu. Kilicholazwa chini, mwenyewe keshakiaga. Sheria nyepesi, hata mlevi anaikumbuka. Watu wakaipenda. Kiti kikivunjika, mtu anakitoa nje na kukilaza, Kingo anapita anakibeba, hakuna hodi wala samahani. Na kwa kuwa sheria ilikuwa yake, hakuna aliyewahi kuitilia shaka mikono yake. Alijivunia jambo hilo kuliko tuta lolote alilojenga.

Nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi fundi wa nguo, mjane. Marehemu mumewe na Kingo walipanda jukwaa moja la ujenzi tangu wakiwa vijana, na kwa ajili hiyo Kingo alimwita shemeji, naye akamwita shemeji, kifo hakikulibadili jina hilo. Mama yule alikuwa na magoti mabovu, na kazi yake ilikuwa ya magoti. Vitambaa alivikata sakafuni, amepigia goti gunia lililokunjwa, chaki sikioni, pini mdomoni. Kiwanja chake cha nyuma kilikuwa kimebaki magugu, kwa sababu baada ya kupiga magoti kwa ajili ya nguo, hakubakiwa na goti la kupigia mchicha.

"Shemeji, nitakujengea tuta la kulimia wima," Kingo alimwahidi.

Ahadi ikakaa, ikazeeka. Kila wakikutana mama anamchokoza: "Shemeji, lile tuta langu limeota miguu likakimbia?"

"Liko njiani, shemeji. Linatembea polepole, si unajua ni zito."

Kilichokosekana ni mbao ndefu za ubavuni. Makreti hutoa vipande vifupi, na tuta la vipande vifupi hutanuka likishiba maji, likapasuka. Alitaka ubao wa kweli.

Siku moja, akitoka dukani, akauona mlango. Nyumba iliyopakana na ya shemeji yake ilikuwa inakarabatiwa, mafundi rangi wamo ndani, na nje, kwenye ukuta unaozigawa nyumba mbili, umeegeshwa mlango wa mbao ngumu, mpana, mnene, haujaliwa na mchwa hata ukucha. Kingo akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukaitika kama chungu kizima.

Lakini ulikuwa umesimama.

Akaondoka. Akarudi. Bado umesimama. Akajiambia kwamba hawa mafundi ni wageni, sheria ya mtaa hawaijui, mlango huu wataukatakata wachemshie chai. Akajiambia pia kwamba si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya mjane. Shetani hakupati kirahisi mpaka akukute umebeba jambo jema mkononi.

Akatazama huku, akatazama kule. Akaukanyaga mlango chini kwa mguu, akaushika juu kwa mikono miwili, akaushusha taratibu usigonge, kama anavyolazwa mtoto aliyesinzia. Kisha akaenda mpaka kwenye kona, akakohoa, akageuka, akarudi kwa mwendo wa mtu anayepita zake.

"Kumbe umelala," akasema kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Nyumbani mkewe alikuwa anachambua maharage. Akautazama mlango, akamtazama mumewe.

"Mlango mzima hivi umeukuta umelala?"

"Umelala."

"Haya. Watu wana mali zao."

Kingo akaupasua kwa urefu, ukatoa mbavu mbili safi. Rangi ya zamani aliikwangua yote, maana rangi asiyoijua hakuiruhusu kukaa karibu na udongo wa mboga. Tundu la kitasa aliliziba kwa kipande cha mbao. Bawaba alizing'oa, na upande wenye alama zake akaugeuzia ndani. Alijiambia ni kwa sababu ya uzuri.

Siku ambayo mama alikwenda kupeleka nguo za wateja, Kingo akaingia kiwanjani kwake na matofali, akapandisha msingi, akafunga mbao juu, akatandika gunia la nailoni lililotobolewa, akajaza udongo. Chini akazungushia vigae vya rangi. Mama aliporudi alisimama mlangoni pa uani. Kisha akasogea, akaweka viwiko juu ya kingo, akazamisha mikono udongoni, magoti yake yamenyooka.

"Shemeji," akasema, "nimesimama. Nashika udongo na nimesimama." Akacheka, akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Mwaka huu ningepumzika mara mbili, basi tu watu wana roho mbaya."

"Kwani nini?"

"Nilipata mlango. Yule fundi rangi wa hapo jirani nilimshonea suruali, akanilipa kwa mlango mpana wa mbao ngumu. Niutie miguu niufanye meza, niachane na kukata sakafuni. Nikausimamisha pale ukutani, nikasema nikipata mtu aniingizie ndani. Nikausimamisha vizuri kabisa, shemeji, kwa sheria yako. Kurudi, haupo."

Kingo alihisi udongo umemhamia mdomoni. Mbele yake, chini ya viwiko vya yule mama, ilikuwa ile mbao. Alimwibia meza akamjengea tuta, akapokea na shukrani.

"Nafikiri ni Sumaku," mama akaendelea. Sumaku ni yule mwokota vyuma, aliyepita mitaani na mkokoteni na kipande cha sumaku kwenye kamba. "Alipita siku ileile. Au unaonaje?"

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa pana kama mlango wenyewe.

"Huenda," Kingo akasema.

Neno hilo moja likatosha. Likatoka uani, likapita kwa jirani, na kabla mchicha haujachipua mtaa mzima ulikuwa umemfungia Sumaku. Akipita, mageti yanabanwa. Mwanamke mmoja akamwambia, "Leo umekuja kuchukua madirisha?" Na ushahidi wao ulikuwa mmoja tu: hata mzee Kingo amesema.

Kingo akawa hali vizuri. Akisalimiwa kwa heshima anaona kama anatukanwa. Akabadilisha njia ya kwendea dukani ili asipite ukuta ule. Mama alimletea mboga za kwanza za tuta, mashina bado na umande, naye akazipokea kwa mikono miwili bila kumtazama.

Ndipo Sumaku akaja mwenyewe. Aliacha mkokoteni mbali, akakaa kwenye ngazi ya nyumba.

"Mzee wangu, wewe ndiye mwenye sheria. Wewe ndiye uliyenifundisha. Mimi nilipita, nikauona ule mlango, na bawaba zake mbili za chuma kizuri. Ulikuwa umesimama, nikaupita. Nimepita vingi vya kutamanisha kwa sababu ya maneno yako. Sasa waambie basi. Wewe watakusikia."

Kingo akamletea maji. Hilo ndilo alilolimudu. Sumaku akanywa, akangoja, akarudisha kikombe, akaondoka.

Mkewe akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Ule mlango ulilala," akauliza, "au ulilazwa?"

Kingo akatazama vidole vyake vya miguu.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," mkewe akasema. "Nimekufulia nguo miaka mingapi, nisijue unapotoka jasho la kazi na la woga? Sikuulizi tena. Ila mboga za tuta lile sipiki. Uzile mbichi kama mbuzi."

Kesho yake mchana, jua likiwa wazi na majirani wako nje, Kingo akamfuata Sumaku anakopakia vyuma, akamwomba waongozane. Hakumwambia ni kwa nini. Walimkuta mama sakafuni, kitambaa kimetandazwa, amepiga magoti. Akamwona Sumaku, akakunja uso.

"Shemeji, huyu umemleta wa nini?"

"Twende kwenye tuta."

Kule uani Kingo akachimba udongo kwa mikono kando ya mbao zote mbili, akang'oa miche miwili ya mchicha, akavuta gunia la nailoni pembeni. Pakaonekana kipande alichozibia tundu la kitasa, na kwenye ubao wa pili, alama mbili za bawaba.

Mama akaingiza kidole kwenye alama. Akakizungusha humo, polepole, kama anayetafuta pini iliyopotea.

"Ulikuwa umesimama," akasema.

"Ulikuwa umesimama. Niliulaza mimi. Sikujua ni wako, lakini nilijua si wangu."

"Na siku ile, nilipokutajia huyu, ulisemaje?"

"Nilisema huenda."

"Huenda," mama akarudia. Lile la mlango lilikuwa limempita usoni kama upepo. Hili likakaa. Juu ya ukuta vichwa vya majirani vilikuwa vimejipanga, na Kingo hakutafuta pa kujificha.

Akamgeukia Sumaku. "Nisamehe, mwanangu. Wewe uliishika sheria. Aliyeivunja ni mimi."

Sumaku akalitazama geti. "Basi leo naweza kupita na mkokoteni bila kufungiwa geti?"

"Pita," mama akajibu, kabla ya Kingo. "Na mimi unisamehe. Mdomo wangu ulitangulia."

"Shemeji, nikuombe radhi vipi?" Kingo akauliza.

"Radhi ni maneno. Mimi nakata vitambaa sakafuni."

Kingo akaenda nyumbani, akachukua bisibisi, akaanza kufungua bawaba za mlango wake wa mbele. Ulikuwa mpana, wa mbao nzuri, aliuweka mwenyewe mwaka walipohamia. Mkewe akaja akaushika upande wa pili usimwangukie.

"Hutanigombeza?" Kingo akauliza.

"Mlango wa nini tena, na aibu yako iko nje? Shusha. Taratibu, mgongo."

Sumaku akaleta mkokoteni. Akautazama mlango, akamtazama mzee, na macho yakacheka kidogo.

"Nikupakilie umesimama au umelala, mzee wangu?"

"Umelala," Kingo akasema. "Mwenyewe unamwona, na amekubali."

Ikatengenezwa meza, miguu yake ya mbao za kreti zilizounganishwa mbilimbili, kimo cha kiunoni. Kingo akaijaribu kwa pimamaji, akaisukuma, haikutikisika. Mama akatandaza kitambaa juu, akachukua mkasi, akakata mstari mmoja mrefu akiwa amesimama.

"Imekaa vizuri," akasema. "Asante, mzee Kingo."

Mzee Kingo. Kama wanavyomwita muuza duka na wapita njia. Akasubiri kama kuna neno litafuata, halikufuata. Mkasi uliendelea kula kitambaa. Akakusanya vifaa vyake na kutoka.

Siku hizi mlangoni pake pananing'inia pazia. Hakuna tena cha kugonga, hivyo anayekuja lazima apige hodi, na Kingo lazima ainuke, anyanyue pazia kwa mkono wake, amtazame mtu usoni. Bado anaokota na kujenga matuta. Ila sasa hata akikuta kitu kimelala katikati ya njia, anasimama kando yake, anapiga hodi kwenye nyumba ya karibu, anauliza. Watu wanamcheka. "Mzee, si kimelala hicho? Sheria si yako?"

"Nauliza tu," anasema.

Na akipita kwa fundi wa nguo, anamwona dirishani amesimama mbele ya meza. "Hujambo, shemeji?" humwamkia. Mama huinua mkasi kumwitikia. "Sijambo, mzee Kingo." Naye huendelea na safari yake, akijiambia kwamba labda kesho.