Unga wa Mlimani

Walisema mtoto wa mchoma makaa wa Zombe hatafika hata Kitui mjini. Mimi nilifika Uswisi, nikarudi na diploma ya hoteli.

Juzi kwa kinyozi niliona kalenda kama ile iliyotundikwa darasani kwetu: kijiji cha Uswisi, kanisa moja, mto mwembamba, milima myeupe. Nikasikia tena harufu ya vumbi na jasho la mwaka ule wa njaa.

"Ile nyeupe ni nini?" Mwalimu Kimanzi aliuliza siku moja, akionyesha milima ya kalenda.

"Ni unga, Mwalimu," nikajibu haraka. "Wa msaada. Wameurundika."

Darasa zima lilicheka.

"Basi njoo ule," akasema, akanikung'utia vumbi la chaki kiganjani. Nililamba. Dada yangu mdogo, aliyekaa dawati la mbele, akaninong'oneza, "Nibakishie."

Katika kijiji kama kile cha kalenda ndiko nilikosomea hoteli, na theluji yake nimeizoa kwa koleo. Watu wake wote hawatoshi kujaza soko letu siku ya mnada, na wazee wake waliniambia ndugu za babu zao walihama kwa sababu ya njaa.

Siku ya sherehe ya kurudi kwangu, Mwalimu alikuja akiongozwa kwa mkono, macho yamekwisha. Nilimwekea kisahani cha chaki niliyoisaga mwenyewe.

"Unga wa Uswisi huo, Mwalimu."

Alilamba, akameza polepole.

"Asante, mwanangu. Nibakishie kidogo, nimpelekee mama nyumbani."

Nikamfungia iliyobaki kwenye karatasi.