Kabla Hujabadilisha Draiva ya Diski

Mwanangu, wewe unayetaka kuigusa seva leo, keti kwanza. Nakumbuka Ijumaa moja hapahapa Doha, nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, kichwa kimenivimba kwa vyeti viwili tu.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ndogo ya kuwauguza watu majumbani, pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Seva yetu, kompyuta kuu ya ofisi, ilitumia mfumo huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Ndani yake mlikuwa na orodha za dawa za wagonjwa, na manesi walizisoma kwa simu kabla hawajashika sindano.

Kadi inayoziunganisha diski na mashine ile ilikubali draiva mbili, ya zamani na mpya. Draiva ndiyo programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kadi. Mzee Salim, fundi mkuu wetu, mtu wa Mombasa, alikuwa amenikataza kuibadilisha mpaka tuijaribu kwenye mashine nyingine. Lakini mimi nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba mpya ina kasi zaidi, na nani angeniambia kitu? Wenzangu wakiwa kanisani, maana Doha hata ibada ya kanisa huwa Ijumaa, na mzee akitawadha aende msikitini, nikaibadilisha. Nikazima mashine, nikaiwasha.

Skrini ikaandika kwamba diski hazionekani. Nikajaribu tena, mambo yakawa yaleyale.

Simu ikalia. Alikuwa nesi Wanjiku, yuko mtaa wa Al Thumama kwa babu mmoja mwenye kisukari.

"Kaka, orodha haifunguki. Saa sita namdunga insulini, na daktari alisema jana huenda akabadilisha kipimo."

Nilijua ukweli niliopaswa kumwambia, mwanangu. Nikasema, "Ni mtandao tu unasumbua, dada. Tumia kipimo cha juzi, hakijabadilika." Sikuwa nimeona kipimo chochote. Niliona haya kukiri, basi.

Kisha nikawasha mashine kwa flashi ya kusakinisha mfumo upya. Ikaniuliza kama iziandae diski kuanzia mwanzo, yaani ifute vyote vilivyomo. Kidole kilikuwa tayari juu ya kibodi.

"Toa mkono hapo." Mzee Salim alikuwa mlangoni na kanzu yake. "Umebadilisha draiva?"

"Ndiyo, mzee."

"Nimesikia ukizungumza na nesi kwa simu. Umemwambia nini?"

Nikamweleza. Hakunifokea, ila uso wake ulibadilika. "Diski zitangoja. Mpigie sasa hivi."

Nikapiga, haikushikwa. Nikapiga tena, kimya. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Mara ya tatu Wanjiku akapokea.

"Nishavuta dawa, kaka, ngoja kidogo."

"Usimdunge. Nilikudanganya. Kipimo sikijui, mpigie daktari."

Akakata simu. Baadaye tukajua daktari alikuwa amekipunguza kipimo kwa nusu.

Diski hazikuwa zimepotea. Draiva mpya ilizipa majina mengine, na mfumo ukawa unazitafuta kwa majina ya zamani. Tulirudisha draiva ya kwanza, mashine ikawaka, orodha zote zimo. Ningebonyeza, zingefutika. Swala ya Ijumaa ilimpita mzee kwa ajili yangu, wala hakunisimanga.

Jumapili Wanjiku alikuja ofisini, akanitazama. "Ungefanya niue mtu kwa mkono wangu," akasema.

Kwa hiyo, mwanangu, jua kwanza kadi yako ni ipi na draiva gani inaifaa, si ile inayosifiwa na watu wasioijua mashine yako. Ijaribu pembeni. Andika majina ya diski kabla na baada. Mashine ikikwambia haioni diski, usifute kitu, rudi ulikotoka. Na ukiharibu, sema umeharibu, dakika hiyohiyo, kwa yule anayekutegemea. Draiva tuliirudisha kwa robo saa. Wanjiku alichukua mwaka mzima kuniamini tena.

Haya, nenda. Mungu akutulize mkono, na siku utakapokosea akupe ujasiri wa kupiga simu mapema.