Kitabu Kilichopimwa kwa Mizani ya Bucha

Wazo la kukikata kitabu lilitoka kwa mwenye bucha, na nani angebishana na mwenye bucha kuhusu kukata? Kikundi cha wasomaji cha kanisani kilikuwa na kitabu kimoja tu, kinene kama tofali, kilichoandikwa na mzee mmoja wa zamani ili kuitetea imani ya Kikristo mbele ya wenye shaka. Mchungaji alikuwa amekisifu mimbarini mpaka watu wakaona aibu kufa kabla hawajakisoma. Lakini kama kingesomwa kwa zamu, wa mwisho angekipata ameshaota mvi. Ndipo mwenye bucha akasema, "Ng'ombe mmoja analisha mtaa mzima. Kwa nini? Kwa sababu anakatwa."

Basi wakamfuata buchani. Akafuta meza, akatandika gazeti, akakipasua kitabu mgongoni kwa kisu chake chembamba, kisha akaviweka vipande kwenye mizani, akitoa kurasa hapa na kuongeza pale hadi kila mtu apate uzito sawa. "Hapa hapewi mtu mifupa mitupu," alisema, nao wakacheka. Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kikundi, alifungua kinywa aseme neno kuhusu sura na mpangilio, lakini alikuwa ameshapewa kipande cha kwanza, chenye picha ya mzee mwenyewe, akafunga kinywa. Mtu akishapata chake, haki ya wengine haimkoseshi usingizi.

Kipande cha pili kilimwangukia dobi wa hospitali, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Miaka mingi alikuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya wodini, na aliyasoma mashuka yale kuliko daktari anavyosoma vipimo. Alijua nani kajifungua, nani kapasuliwa, nani halali usiku kwa kugaagaa. Ya waliofariki yalikuja katika mfuko wa peke yake, umefungwa kamba. Wenzake walikuwa wakisukumiana mfuko ule. Yeye aliufungua huku akiimba wimbo wa kanisani, akayamimina mashineni, akaongeza sabuni.

Hakuwa na ujasiri wowote wa ajabu. Alikuwa na neno moja tu: tutaonana. Mumewe, fundi umeme, alitoka asubuhi akiwa na ngazi begani, na jioni watu wakaja kumwambia mkewe akae chini kwanza. Akazika bila kulia, akasema tutaonana. Tangu siku hiyo, kila palipotokea msiba aliitwa aje awatulize wafiwa. Alilisema neno lake bila mbwembwe, kama mtu anayetaja saa ya basi, na watu walipoa.

Nyumbani alibaki na mama mkwe wake, mama yake huyo fundi umeme. Bibi huyo alikuwa mgonjwa wa moyo, miguu imevimba, pumzi inakuja kwa kuvutwa. Hospitali walisema kwa upole kwamba akauguzwe nyumbani, na mtu aliyefanya kazi hospitali hahitaji kutafsiriwa maneno hayo. Kila jioni bibi aliuliza swali lilelile.

"Mwanangu, nitamkuta kijana wangu?"

"Utamkuta, mama. Anakusubiri."

Bibi alikuwa akifumba macho, na Mama Pasi akienda kuosha vyombo.

Alianza kukisoma kipande chake kazini, wakati wa mapumziko, akiwa ameketi juu ya mafurushi ya mashuka safi. Ukurasa wa kwanza ulianzia katikati ya sentensi, kwa kuwa mizani haijui nukta. Haukusema ni nani anayezungumza. Kwani angekuwa nani, kama si mzee mwenyewe?

"...nami nimesimama kando ya makaburi mengi," ndivyo kilivyosema, "nikatega sikio. Sikusikia kitu ila udongo ukidondoka juu ya mbao. Mnaniambia wapenzi wetu wako mahali. Mbona basi katika wote hao, hata walioapa kwamba wangekuja, hakuna aliyewahi kurudi hata kukohoa nje ya mlango?"

Mama Pasi akatabasamu. Wahubiri aliwajua, huanza na giza ili taa ionekane. Akafungua ukurasa wa pili akiitafuta taa. Akafungua wa tatu. Giza likazidi. Mzee alisema polepole, bila kejeli na bila matusi, na hilo ndilo lililotisha. Alisema alimpenda mtu, mtu huyo akafa, naye akawa anajiambia kwamba ana imani, kumbe alikuwa anaogopa kuanza kulia kwa sababu hakujua angenyamaza lini. Hapo Mama Pasi aliufunika ukurasa kwa kiganja, kama mtu aliyechunguliwa akioga.

Alisoma hadi mwisho. Taa haikuja. Kipande kilikatika mzee akiwa bado anauliza.

Hofu ikamwingia. Na si hofu ya kushtuka, ambayo mtu hunywa maji ikapita. Hii ilikaa. Kama asiyeamini angemwambia maneno yale, angemcheka na kumwombea. Lakini huyu alikuwa mtetezi wa imani, aliyesifiwa mimbarini! Mlinzi mwenyewe ndiye aliyekuwa ananong'ona kwamba ghala ni tupu. Alasiri hiyo mfuko uliofungwa kamba ulipoletwa, aliushika fundo, na vidole vikakataa. Akatazama mfuko, akawaza: huyu yuko wapi sasa? Jibu ambalo siku zote lilikuja lenyewe halikuja. Akamwita mwenzake amsaidie, na mwenzake akadhani anaumwa.

Jumatano alienda kwenye kikundi akiwa na tumaini moja, kwamba mwingine naye atakuwa ametetemeka. Mke wa mchungaji, mwenye kipande cha mwisho, alisema alilia kwa furaha na siku hizi analala kama mtoto mchanga. Mwalimu mstaafu alisema mzee ana lugha ya asali, akasoma aya nzima kwa sauti ya darasani, kidole kikiwa juu. Mwenye bucha, ambaye kipande chake kilifuata kile cha Mama Pasi, alikiri kwamba hajakifungua. "Lakini uzito wake nauthibitisha," alisema, wakacheka tena.

"Na wewe, Mama Pasi?" mwalimu akauliza. "Umekionaje?"

Wote wakamgeukia wakiwa na nyuso za kupokea ushuhuda.

"Kizuri," akasema.

Njiani akirudi, lilimjia wazo lililotisha kuliko kitabu chenyewe. Labda wote wanajua. Labda wasomi, wachungaji na wazee wa kanisa wanajua tangu zamani kwamba hakuna kitu, wakakubaliana kimyakimya kutoambiana, na yeye peke yake, dobi, ndiye aliyekuwa hajapewa habari. Alitembea akiwatazama watu waliokuwa wakifunga maduka yao, akimwogopa kila mmoja.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Bibi alikuwa amesikia habari za kitabu tangu siku ya bucha, akawa anataka asomewe. Mama Pasi akashindwa kukataa. Jioni aliketi kando ya kitanda, akakifungua kipande magotini, akaanza kutunga. Alitunga bustani, akatunga milango, akatunga watu waliovaa meupe wakiwapungia mkono wageni. Hakuwa mtungaji mzuri, na jioni ya tatu alikuwa ameishiwa, akawa anarudia bustani.

"Mwanangu," bibi akasema, macho yamefumbwa. "Huo ukurasa ni mrefu."

"Mrefu, mama?"

"Siku tatu sijasikia ukiufunua."

Mama Pasi akaufunua upesi. Uso ulimwaka.

"Nisomee kilichoandikwa. Mimi ndiye ninayekufa, si wewe."

Angeweza kusema miwani imepotea. Angeweza kusema umeme hafifu. Lakini bibi huyu alikuwa amemlea kama mwana tangu alipoingia nyumba ile akiwa msichana, wala bibi hakuwahi kumdanganya, hata mboga yake ilipozidi chumvi. Akasoma. Alisoma makaburi, akasoma udongo juu ya mbao, akasoma yule ambaye hajarudi hata kukohoa mlangoni, na sauti yake mwenyewe ilimtisha, maana ilitoka nzuri na thabiti. Alipofika mahali pa kilio, ilimkatika.

"Inatosha," bibi akasema. Akageukia ukutani.

Swali la kila jioni halikuulizwa.

Asubuhi bibi hakunywa chai. Hakusema neno, alitazama ukuta tu. Mama Pasi alimwacha na jirani, akaenda kazini. Siku hiyo aliunguza foronya, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kwa sababu mawazo yalikuwa kwenye chumba kile. Nimemwibia, aliwaza. Mtu amebakiwa na kitu kimoja tu cha kushika, nami nimemfungua vidole. Akifa leo, atakufa akiwa ameshika hewa, na mwuaji ni mimi. Kila simu ilipolia ofisini kwa msimamizi, aliinua pasi akatega sikio.

Ilikuwa Jumatano nyingine. Alipitia kikundini jioni kurudisha kipande na kuaga, na hakukusudia kueleza sababu. Alimkuta mwenye bucha amesimama katikati ya chumba, jasho linamtoka, amekolewa na kitabu kama mtu aliyeokoka juzi.

"Jamani, huyu mzee anachinja! Sikilizeni mwanzo wa kipande changu!" Akasoma: "Haya ndiyo asemayo mwenye shaka. Nimemwacha aseme mpaka mwisho bila kumkatiza, kwa maana anastahili kusikilizwa. Sasa nisikilizeni mimi."

"Rudia," akasema Mama Pasi.

Mwenye bucha akarudia.

"Nani mwenye shaka?"

Mwalimu mstaafu akarekebisha miwani. "Si yule anayezungumza katika kipande chako? Mwishoni mwa changu mzee anasema wazi, sasa nampisha mpinzani wangu aseme yake yote. Nilidhani umeelewa."

"Ningeelewaje? Ukurasa unaosema hivyo unao wewe!"

"Basi ungeuliza, mama..."

"Nikuulize nini, mwalimu? Kama Mungu yupo? Mbele ya watu?"

Mwenye bucha alikitazama kipande mkononi kama mtu aliyeuza nyama ikaua nyumba nzima. "Mimi nilipima tu," akasema taratibu. Mama Pasi alimnyang'anya, akatoka, na mtaani watu walimwona mwanamke wa makamo akikimbia kanga ikipepea, wakadhani kuna moto.

Bibi alikuwa hai. Jirani alisema hajala, hajaongea. Mama Pasi alimshukuru, akamsindikiza mlangoni, akarudi kitandani akihema.

"Mama, nilikosea. Yule wa jana si mzee. Ni mpinzani wake, kitabu kilikatwa vibaya. Mzee amemjibu yote. Sikiliza, mama."

Hakungoja ruhusa. Alisoma kwa haraka, kisha alivyoona majibu ni mazuri akapunguza mwendo. Yalikuwa mazuri kwelikweli. Hoja ziliingia moja baada ya nyingine zimenyooka na kukunjwa vizuri, kila swali likachukuliwa kwa heshima na kuwekwa mahali pake. Akasikia kifua chake kikilegea. Alifikia mwisho wa sura, akainua macho akitegemea kuona uso uliopoa.

Bibi alikuwa amemgeukia. Hakuwa amepoa.

"Huyu amesoma sana," akasema.

"Sana, mama."

"Aliandika akiwa mzima huyu."

Mama Pasi akatafuta ukurasa unaofuata.

"Nirudie yule wa jana."

"Mama! Yule anasema hakuna kitu!"

"Nimesikia anachosema. Nalala na hayo tangu tulipomzika mwanangu." Akavuta pumzi kwanza. "Kila jioni nakuuliza, nawe unanijibu chapuchapu, halafu unakwenda kwenye vyombo. Nami nabaki nayo peke yangu. Jana ndiyo mara ya kwanza nimesikia mtu mwingine anaogopa. Nikasema, kumbe hata huko vitabuni wapo."

Mama Pasi alitazama kurasa. Majibu yalikuwa pale, hayakuwa na kosa, lakini hofu ilikuwa imerudi.

"Na wewe?" bibi akauliza. "Huogopi?"

Katika misiba yote aliyoitwa, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Jibu la zamani lilimjia mdomoni tayari limepigwa pasi. Akalimeza.

"Naogopa, mama. Naogopa vibaya sana."

"Tangu lini?"

Alitaka kusema tangu kitabu. "Tangu ile siku waliponiambia nikae chini kwanza," akasema, na kilio alichokuwa amekizuia miaka yote hiyo kikamtoka, kwa sauti, bila adabu, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Bibi hakumbembeleza. Alijisogeza kwa taabu, kidogo kidogo, mpaka mgongo ukagusa ukuta na kitanda kikapata nafasi.

"Njoo."

Mama Pasi akapanda na nguo zake za kazini, akalala uso kwa uso na mkwewe, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Pumzi ya bibi ilikuwa fupi na ya moto. Walikaa hivyo mpaka kilio kikaisha.

"Nitamkuta kijana wangu?" bibi akauliza.

"Sijui, mama. Natamani mno."

"Hata mimi," akasema bibi, akamvutia nusu ya blanketi.