Choo cha Wageni

Kwa miaka kumi na saba Bi Deki alikuwa amesafisha vyoo vya wasichana katika shule ile, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumfuata kule na daftari. Watu wenye akili zao huingia chooni na shida, hutoka na nafuu, basi. Kwa hiyo Jumatatu ile alipokuta wasichana watatu wamejifunga utepe wa kijani mkononi, mmoja anachungulia, wa pili ananusa, wa tatu anaandika, moyo ulimlipuka paa.

"Mnatafuta nini?"

"Shikamoo, Bibi. Sisi ni Klabu ya Usafi," akasema yule wa kunusa. "Wanafunzi siku hizi tunashirikishwa."

"Mnashirikishwa kwenye nini? Kinyesi?"

Wawili wakacheka. Yule wa kuandika hakucheka, aliandika. Na yule wa kuandika, kwa taarifa yako, alikuwa mjukuu wake mwenyewe, wa darasa la sita, aliyemlea tangu anatambaa.

Mlinzi wa geti, mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukaa, akaumwagia moto huo petroli. "Mama, hapo umekwisha. Shule niliyotoka walianza hivihivi. Utepe, klabu, daftari. Haukupita muhula, msafishaji nje, watoto wakakabidhiwa mafagio."

"Mjukuu wangu hawezi."

"Ndio wanaoweza. Mgeni atajuaje siri zako?"

Bi Deki hakuwa na kazi nyingine, wala mume wa kumwuliza ameshindaje. Ndoo na dekio ndivyo vilivyowalisha, yeye na huyo jasusi wake. Na siri kweli alikuwa nayo, ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

Vyoo vya wasichana vilikuwa sita. Cha mwisho kilikuwa na kufuli. Miaka minne iliyopita afisa mmoja wa afya alikuja kukagua, akaona alichokiona, akaondoka bila kumaliza soda yake. Jioni yake Mwalimu Mkuu akamwita Bi Deki pembeni, akampa ufunguo. "Hiki kiwe cha wageni. Hakuna mtoto kuingia." Tangu hapo walikuja wageni wawili tu, wote wanaume, wote wakaenda choo cha walimu. Lakini kila asubuhi Bi Deki alifungua, akasugua vigae vilivyosuguliwa jana, akapangusa sabuni ambayo haijavuliwa karatasi, akafunga. Mapumziko yakifika, wasichana mia tatu walipanga foleni kwenye vyoo vitano, na wadogo walioshindwa kusubiri walikimbilia nyuma ya stoo.

Wiki ya kwanza klabu ilichungulia choo cha sita kupitia ufa wa mlango, ikakipa kumi juu ya kumi. Wakabandika mlangoni ua la karatasi: CHOO BORA CHA WIKI. Mwalimu Mkuu akapiga makofi gwarideni mpaka saa ikamteleza mkononi. Bi Deki hakupiga. Sifa za bure zilimnukia vibaya kuliko kazi yake.

Wiki ya pili, wanaosha vyombo nyumbani, mjukuu akaanza.

"Bibi, choo cha sita anatumia nani?"

"Wageni."

"Wageni gani?"

"Wanaokuja."

"Wanakuja lini?"

"Wakija."

Mtoto akafuta mikono kwenye sketi, akaenda kuandika. Jamani! Kula kwangu, kulala kwangu, na ripoti yangu anaipeleka wapi?

Jumamosi, mjukuu alipotumwa maji, Bi Deki alilitoa daftari kwenye mkoba. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. *Choo cha 6: kisafi sana. Kikavu siku zote. Kina kufuli. Ufunguo: Bibi.* Chini yake: *Foleni ya mapumziko: 41. Waliokwenda nyuma ya stoo: 12.*

Ufunguo: Bibi. Si "inasemekana", si "labda". Alilirudisha daftari haraka. Mjukuu akarudi, akatua ndoo, akafungua mkoba.

"Bibi, umesoma daftari langu."

"Mimi? Na miwani yangu mbovu hii?"

"Umeliweka kichwa chini."

Wakatazamana kama wachuuzi wawili wanaogombea mteja mmoja.

"Unataka nifukuzwe, mwanangu?"

"Nataka ufunguo."

"Si wangu."

"Mbona umeuvaa?"

Bi Deki akakumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kuanua.

Alhamisi afisa wa afya akaja, mpya, kijana mwenye viatu vya kuonea huruma kwa mahali alipokuwa anakwenda. Kamati ya wazazi ilikuwepo. Klabu ikasoma daftari mbele ya vyoo, ufa kwa ufa, foleni kwa foleni. Ilipofika choo cha sita, Mwalimu Mkuu akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga kitu.

"Aa, hicho! Ufunguo ulipotea zamani. Msafishaji wetu umri umekwenda, anasahau. Tunafikiria kumpumzisha."

Mlinzi akamtupia Bi Deki jicho la nilikwambia. Bi Deki akapiga hesabu. Akinyamaza, anatoka getini kama kikongwe msahaulifu. Akisema, anatoka kama mkaidi. Geti ni lilelile, ila njia ya pili ilikuwa na kelele kidogo.

"Sijasahau, Mwalimu," akasema, akivuta kamba shingoni. "Hata koti ulilovaa siku uliyonipa nalikumbuka. La kahawia, kifungo kimoja hakipo."

Mjukuu akaacha kuandika.

Kufuli likafunguka. Vigae vikang'aa kama meno ya bandia. Kabla afisa hajainama kutazama, katoto ka darasa la kwanza, kalikokuwa kwenye foleni kamebana miguu, kakapenya chini ya kwapa la Mwalimu Mkuu, kakaingia, kakabana komeo. Ukasikika mlio kama wa mfereji. Kamati nzima ikatazama mawingu.

"Mwaga maji!" mjukuu akapaza sauti.

"Na unawe!" wenzake wakadakia. Ndani ikasikika karatasi ya sabuni ikichanika.

Afisa akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Nani aliamuru kifungwe?"

Mwalimu Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Bi Deki hakumsaidia.

"Kibaki wazi," afisa akasema, akiandika. "Na huyu mama asiguswe mpaka nirudi."

Mpaka arudi! Bi Deki akajiuliza maafisa wa afya hurudi baada ya miaka mingapi. Wageni walipoanza kuondoka, Mwalimu Mkuu akamnong'oneza, tabasamu bado limemgandia:

"Kesho asubuhi uje ofisini."

"Kesho asubuhi sina nafasi, Mwalimu," Bi Deki akajibu kwa sauti iliyomfikia afisa barabara. "Nina vyoo sita."