Dindon Yenye Mama Alizika

Juzi niliona ku televizio bantu banachimbula mifupa ya dindon, ile kuku mukubwa ya shingo nyekundu, kule Amerika. Banasema bantu ba zamani, Bapueblo, balikuwa banaifuga juu ya kupata manyoya, banasuka nayo bulangeti, na ingine ikikufa balizika muzima-muzima bila kuikula, sawa muntu. Nilisikia haya mpaka nilizima televizio.

Juu mama yangu naye alikuwa na dindon, kwetu Kasungami. Manyoya yenye kuanguka alikuwa anaokota na kushonea batoto oreiller, mito ya kulalia, ilikuwa inanuka vumbi na unga ya mahindi. Muchana moja ilikufa na uzee. Bajirani balingojea arufu ya nyama, lakini mama alitosha jembe mu nyumba juu ya kuizika.

"Citoyenne, unazika nyama? Tukuitie na padri?" jirani alimuuliza mama, na ile jina ya heshima ya wakati ule, na batoto ba avenue yote bakacheka.

Miye nilifikiri mama amekuwa wazimu. Nilijificha nyuma ya choo, ninalia. Mama alinifuata kule.

"Unasikia haya?"

"Ndiyo, mama."

"Muzuri. Sikia haya, lakini shika jembe. Yenye ilikulalisha mu baridi, hatuiachie imbwa."

Nilichimba, kichwa chini, masikio inawaka.

"Angalieni fossoyeur, muchimba-kaburi!" jirani alipiga kelele.

Nilimutupia udongo ku kitenge yake. Mama alinigombeza, nikaomba musamaha, kisha nikaendelea kuchimba.